Kusafisha kibanda cha nyikani kilichojaa vitu walivyoacha wapita njia

Ukifika kwenye kibanda cha kulala wasafiri wa miguu kule porini, tazama rafu kwanza. Kuna mfuko wa mchele uliofunguliwa ukafungwa tena kwa mpira, mitungi midogo mitatu minne ya gesi ambayo hakuna anayejua imebaki na kiasi gani, kipande cha mshumaa cha urefu wa kidole, soksi moja (mwenzake haonekani kamwe), kitabu kilichochanwa kurasa za mwanzo, na chupa ya mafuta ya kupikia yanayonuka. Ukiinama chini ya jukwaa la kulalia utaona turubai lililochanika na godoro la upepo lenye tundu.

Sehemu kubwa ya vitu hivi iliachwa na watu wema. Mtu amechoka, begi limemwelemea, akajiambia kwamba atakayekuja nyuma yake atavihitaji. Akavipanga rafuni vizuri, pengine na kikaratasi cha kumkaribisha mwingine avitumie. Sasa mfikirie huyo anayekuja: naye amebeba mchele wake na gesi yake, naye begi limemwelemea vilevile, na hawezi kula chakula kilichofunguliwa na mtu asiyemjua. Basi vinakaa palepale mpaka panya wavigawane. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila kibanda cha nyikani hakina mwenyeji. Wote ni wageni, na kila mmoja ameacha zawadi.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuiondoa hiyo rundo bila kujiumiza na bila kutupa kisichostahili kutupwa. Unahusu vibanda vya wazi visivyo na mhudumu, kama vile vibanda zaidi ya 250 vilivyo kwenye njia ya Appalachian nchini Marekani, au nyumba ndogo za milimani za Uskoti ambazo nyingi hutunzwa na watu wa kujitolea.

Kabla ya kuondoka

Chagua kibanda kwa akili. Kwenye njia ndefu, vitu hurundikana zaidi kwenye vibanda vya siku chache za mwanzo, kwa sababu hapo ndipo watu hugundua kwamba wamebeba kupita kiasi. Njia ya Appalachian ina urefu wa kilomita kama 3,500, kutoka Springer Mountain katika jimbo la Georgia hadi Katahdin katika jimbo la Maine, na wanaoianzia kusini huanza kupunguza mizigo wakiwa bado Georgia. Sufuria za chuma kizito, suruali za jinzi, shoka, vitabu vinene: vyote hivyo ni vitu vya mtu ambaye bado hajazoea mzigo wake. Kama una siku moja tu ya kujitolea, iende huko. Kibanda kilicho katikati ya safari kwa kawaida kina takataka ndogondogo tu.

Waarifu wanaokitunza. Karibu kila kibanda kina chama au mamlaka ya hifadhi inayokisimamia, hata kama hakuna mtu anayekaa hapo. Watakuambia kipi ni mali ya kibanda, na mara nyingine watakupokelea mzigo ukishuka.

Beba mifuko minene ya taka (ile myepesi ya jikoni hupasuka kwenye kona ya kopo la kwanza), glavu za mpira na juu yake glavu za kazi, barakoa inayobana vizuri usoni, chupa ya kupulizia, klorini ya kufulia kidogo, karatasi za kupangusia, kisu, turubai la kutandaza chini, na mizani ndogo ya kuning'iniza kama unayo. Nenda na begi kubwa lililo karibu tupu. Wengi hulisahau hili: wanapanda na vitu vyao vya siku tatu, kisha wanashangaa taka ziende wapi.

Hatua ya 1: Usiingie kwa pupa

Panya ndio wakazi wa kudumu wa vibanda hivi, na mkojo na mavi yao yanaweza kubeba virusi vya hanta. Ugonjwa wake ni nadra lakini ni mbaya: mwaka 2012 wageni kumi waliokwenda kwenye hifadhi ya Yosemite huko California waliupata, wengi wao wakiwa wamelala kwenye vyumba vya turubai ambavyo panya walijenga viota ndani ya kuta zake. Watatu walifariki. Virusi huingia mwilini hasa kwa kuvuta vumbi lililochanganyika na uchafu huo. Kwa hiyo adui wako wa kwanza hapa ni ufagio.

Kama kibanda kina mlango na madirisha, fungua vyote, kaa nje nusu saa. Kisha vaa glavu na barakoa. Changanya klorini sehemu moja na maji sehemu tisa. Ichanganye siku hiyohiyo, na usiitie dawa nyingine yoyote ya usafi. Pulizia mavi na viota mpaka vilowe kabisa, subiri dakika tano, halafu pangusa kwa karatasi na utie karatasi hizo kwenye mfuko wake zifungwe. Ufagio utashika baadaye, sakafu ikiwa imelowa, na kamwe usifagie vumbi kavu. Kibanda cha kuta tatu kina hewa ya kutosha, lakini pembe za nyuma na chini ya jukwaa hazina, na huko ndiko viota vilipo.

Ukipata homa na maumivu ya misuli ndani ya wiki nane baada ya kazi hii, mwambie daktari ulisafisha mahali palipokuwa na panya. Bila wewe kusema, hatakuwa na sababu ya kuufikiria ugonjwa huo.

Hatua ya 2: Toa kila kitu nje, ndipo uamue

Tandaza turubai mbele ya kibanda, toa vitu vyote, vipange. Usijaribu kuamua kimoja kimoja ukiwa ndani, maana utajikuta unavirudisha rafuni. Kopo la maharage likiwa peke yake kwenye rafu linaonekana kuwa na kazi. Likiwekwa jua linawaka pamoja na makopo mengine sita yaliyoota kutu, linaonekana lilivyo.

Tenga kwanza mali ya kibanda: ufagio, koleo la choo, daftari la wageni na kalamu yake, msumeno wenye alama ya chama, sanduku la chuma la kuhifadhia chakula. Kuna kifaa kimoja ambacho wasafishaji wageni hukitupa kila mara. Utaona kamba inaning'inia kutoka kwenye boriti, na katikati yake kuna kopo kuukuu lililotobolewa kitako na kupitishwa kamba hiyo, limekaa kifudifudi. Kwa macho ni takataka kabisa. Kumbe ni kinga ya panya: mfuko wa chakula hufungwa chini ya kopo, na panya anayeteremka kwenye kamba akifika juu ya kopo anateleza au anakwama. Liache lilipo.

Pili, tenga kitu ambacho huenda kina mwenyewe. Begi lililofungwa vizuri na kutundikwa juu linaweza kuwa la mtu aliyekwenda kuteka maji, au aliyepanda kileleni na atarudi jioni. Tafuta jina au tarehe. Usipopata, liache hapo, andika tarehe ya leo kwenye kikaratasi ulifunge nacho, na uwaarifu wanaokitunza kibanda. Safari ijayo, likiwa bado hapo na tarehe yako, utajua la kufanya.

Yanayobaki ni taka, pamoja na yale ambayo moyo wako unasema yatamfaa mtu. Hapa ndipo utakapotetereka. Kuna nchi ambazo kuacha kitu ni desturi njema: katika vibanda vya nyikani vya Ufini ni adabu kumwachia anayefuata kuni kavu zilizopasuliwa, kwa kuwa anaweza kufika usiku akiwa amelowa na baridi inamwua. Na nchini Norwei, chama cha watalii kina vibanda vyenye stoo ya chakula. Unachukua, unaandika, unalipa. Angalia tofauti iliyopo. Kuni hazichachi wala haziiti panya, na ile stoo ina mtu anayeijaza na kuihesabu. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye rafu ya kibanda kisicho na mhudumu haiishi hata, inaoza tu. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: kama sheria za kibanda hicho hazikusema kitu hicho kiachwe, kinashuka nami.

Hatua ya 3: Chakula

Chakula chote kilichofunguliwa kinashuka. Kilichofungwa pia kinashuka, isipokuwa kama kuna msafiri aliyepo hapo saa hiyo na akakitaka. Mpe mkononi, iwe imekwisha.

Usikimwage porini. Dubu, rakuni na panya hujifunza haraka kwamba kibanda ni mahali pa chakula, na wakishajifunza hawasahau. Dubu aliyezoea chakula cha watu hupoteza woga, na mara nyingi mwisho wake ni kuuawa na walinzi wa hifadhi. Huko New Zealand tatizo lina sura nyingine: panya na wanyama jamii ya kicheche walioletwa na wageni hula mayai na makinda ya ndege wa asili, na hakuna anayetaka kuwanenepesha. Maganda ya machungwa na ndizi nayo ni chakula. Kwenye baridi ya mlimani hayaozi kwa siku mbili kama mtu anavyojidanganya, yanakaa miezi.

Chooni pia hapafai. Shimo lenye wali na tambi huvuta wanyama wanaolichimbua, na atakayelipa gharama ni mtu wa kujitolea mwenye koleo.

Vyakula vya majimaji ndivyo vinavyosumbua. Chupa ya mafuta, ikaze kifuniko, itie kwenye mifuko miwili, isimamishe wima ndani ya begi. Unga, chumvi na mchele vichanganye kwenye mfuko mmoja. Viko njiani kutupwa, havihitaji adabu tena. Kopo lililovimba usilifungue kabisa.

Hatua ya 4: Mitungi ya gesi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mitungi ndiyo inayoongoza kwa wingi na ndiyo inayoogopwa bure au kuchezewa bure.

Kwanza ujue kwa nini inaachwa ikiwa na gesi ndani. Mitungi hii huwa na mchanganyiko wa butani, isobutani na propani. Butani ya kawaida huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri za Selsiasi. Isobutani huvumilia hadi karibu nyuzi 12 chini ya sifuri, na propani hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Asubuhi ya baridi mtu anawasha jiko, moto unakuwa mdogo kama wa mshumaa, anasema mtungi umekwisha, anauacha rafuni. Haujakwisha, umepoa tu. Ukiupasha kwa kuuweka ndani ya koti lako, au kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, moto unarudi.

Ili kujua umebaki na kiasi gani, upime kwenye mizani. Mitungi mingine imeandikwa uzito wake ikiwa mitupu. Kama huna mizani, uelee kwenye sufuria ya maji ukiwa wima. Mtungi uliojaa huzama sana, uliokwisha huelea juu na kuinamia upande. Ukitikisa utasikia pia kama kuna kimiminika ndani, ingawa sikio hudanganya.

Wenye gesi ya kutosha, upikie wewe hapohapo nje: chemsha maji ya chai, ya kuoshea mikono, ya kusugulia jukwaa. Ni njia salama ya kuumaliza, na unapungua uzito kabla ya kuubeba. Usijaribu kuhamisha gesi kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine, na usifungue vali kibandani ili "itoke tu": gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujaa kwenye mashimo chini ya jukwaa, ikisubiri cheche.

Kutoboa mtungi kuna masharti: uwe mtupu kabisa, umeunganishwa na jiko na vali wazi mpaka moto ufe wenyewe, mkiwa nje mbali na moto wowote, na unatumia kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama hata sharti moja limekosekana, ushushe bila kuutoboa. Mtungi uliopata kutu kwenye vali au unaotoa harufu ubebe mfuko wa nje wa begi, usiutie ndani. Na usiutie mtungi motoni, hata ulio mtupu. Nimewasikia watu wanaojigamba kwa mlipuko huo. Wenzao waliokuwa karibu hawakuwa na mengi ya kujigamba.

Hatua ya 5: Mahali pa moto

Gusa jivu kwa mgongo wa mkono kabla ya kulichokonoa. Likiwa baridi hadi chini kabisa, lichambue kwa kijiti. Utatoa foili, vioo, misumari ya mbao za zamani, makopo, vifungo vya suruali, na mabonge ya rangi ya fedha. Mabonge hayo ni alumini. Vile vifuko vya chakula kikavu vina utando wa alumini ndani. Plastiki inaungua, na alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, kisha inaganda kwenye jivu vipande vipande. Aliyekitupa kifuko motoni alikiona kinapotea akaridhika.

Usimalizie kazi yake kwa kuchoma zilizobaki. Moto wa kuni hauna joto la kuunguza plastiki vizuri, na moshi wake hubeba sumu, zikiwemo dioksini pale plastiki inapokuwa na klorini ndani. Karatasi safi na kadibodi zisizo na rangi wala utando, hizo choma, kama moto unaruhusiwa hapo.

Hatua ya 6: Nguo, magodoro na kamba

Kilo ya nguo kavu ikilowa inakuwa kilo mbili na zaidi. Kama kuna jua, zianike asubuhi mara tu ufikapo, ufanye kazi nyingine, uzifungashe mwisho. Kung'uta begi la kulalia lililoachwa ni kazi ya nje na ya barakoa, maana mara nyingi ndani kuna kiota. Likiwa na kiota usilianike wala usilikung'ute. Lilowe kwa klorini, lifunge. Magodoro ya upepo fungua vali, yakunje kutokea upande wa mwisho ili hewa itoke yote. Turubai likate vipande.

Kamba za kuanikia zilizozungushiwa miti zikate zote, hata zilizokaza vizuri. Mti unanenepa, kamba hainenepi.

Misumari iliyopigwa ukutani na wapita njia iache kama huna ruhusa. Ukiona mbao za kizingiti zimetafunwa, usimlaumu msafiri: huko Amerika ya Kaskazini nungunungu hutafuna mbao zilizoshika chumvi ya jasho la watu.

Hatua ya 7: Vitu vya chooni na vya hatari

Karatasi zilizotumika nyuma ya kibanda, na zile tishu zenye unyevu ambazo hazichanguki kama karatasi, ziokote kwa kijiti au kwa glavu na uzitie kwenye mifuko miwili. Kinyesi kilichoachwa juu ya ardhi kifukie kwenye shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji, njia na kibanda. Sindano na wembe weka ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko. Dawa za vidonge usizimwage kijitoni. Betri, hasa za lithiamu, ziba ncha zake kwa utepe wa gundi zisigusane.

Hatua ya 8: Usipoweza kubeba vyote

Mara nyingi hutaweza. Wengi hujaza begi kwa vilivyo karibu na mkono, halafu vinavyobaki ni vile vibaya zaidi. Panga hivi: kwanza vyote vinavyoliwa na wanyama au vinavyonukia kama chakula, pili vinavyoumiza au kulipuka, tatu vitu vidogovidogo vinavyosambaa, na mwisho vitu vikubwa vikavu visivyodhuru. Sufuria ya chuma inaweza kungoja mwezi mmoja. Mfuko wa karanga hauwezi kungoja usiku mmoja. Kanyaga makopo yawe bapa. Weka vizito karibu na mgongo, katikati ya begi.

Vinavyobaki usivifukie, na usivifiche nyuma ya kibanda. Usiache pia mfuko wa taka umefungwa vizuri ukutani ukidhani umesaidia: kesho mpita njia atauona, atauchukulia kuwa ndio jaa la hapo, ataongeza wa kwake. Vipange vionekane vilivyo, vikavu, bila harufu, upige picha, na uwapelekee wasimamizi orodha fupi yenye makadirio ya uzito. Orodha hiyo ndiyo inayowawezesha kuamua kama watatuma watu wawili au mnyama wa mizigo.

Hatua ya 9: Kabla hujashuka

Sugua rafu, uiache tupu kabisa. Hata ule mshumaa mzuri uliobaki nusu, ushushe. Rafu yenye kitu kimoja humpa ruhusa mwenye cha pili.

Kwenye daftari la wageni andika mistari miwili: tarehe, umetoa nini, na ombi kwamba kila mtu ashuke na vyake. Usitukane. Mabango makali ya kukemea sioni yakifanya kazi. Wanaoyasoma kwa makini ni wale ambao hawakuwa na nia ya kuchafua. Lakini ukiandika "nimeshusha mitungi tisa ya gesi, saba ilikuwa na gesi ndani", mwenye mtungi wa kumi mkononi ataufikiria tena.

Kisha piga magoti umulike tochi kwenye nyufa za jukwaa. Huko kuna vigingi vya hema, vipande vya utepe wa gundi, na zile kona ndogo za vifuko ambazo watu huchana kwa meno na kuzidondosha. Huenda moja ni yako.

Ukifika chini usimwage kila kitu kwenye pipa la kwanza. Mapipa madogo yaliyo mwanzo wa njia hufurika na wanyama huyapindua. Mitungi ambayo haikutobolewa, betri, sindano na dawa kila kimoja kina mahali pake pa kupokelewa, na taratibu hutofautiana kila mji, kwa hiyo uliza kwenye ofisi ya hifadhi au kituo cha taka. Nguo zilizolowa zitoe begini siku hiyohiyo, na begi lenyewe lioshe kwa maji na sabuni, hasa mahali ile chupa ya mafuta ilipokuwa imesimama.